Uzi maalumu: Kona iliyomeguka, mwanya, madoa ya kahawia. Kabla hujakubali kusagwa meno ya mbele, ijue bondingi

Daktari wa Themi

Heshima kwenu wakuu. Mimi ni daktari wa meno, nafanyia kazi Arusha. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo linaloniuma. Vijana wanakuja wakiwa wameshaamua: wanataka meno kama ya wasanii wanaowaona kwenye simu. Ukiwaangalia, tatizo lenyewe ni kona ya jino iliyomeguka, mwanya wa milimita moja, au doa. Ni kazi ya kikao kimoja, na jino linabaki karibu zima. Ila huko mtandaoni wameonyeshwa njia moja tu: kusaga meno yote ya mbele na kuyavika kofia, yaani gamba la bandia linalofunika jino lote. Na wapo wanaokuja wakiwa wameshasagwa, wana miaka ishirini na kitu, meno yamebaki vijiti. Enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino, mwili hauitengenezi mara ya pili.

Bondingi ni kulijenga jino kwa kompoziti, ile dawa nyeupe ambayo wengi wenu mmezibiwa nayo magego. Ni rezini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na chembe ndogo sana za kioo. Inakuja laini kama udongo wa mfinyanzi, daktari anaiumba juu ya jino lako, kisha anaigandisha kwa taa ya bluu.

Watu huuliza inashikaje bila kutoboa jino. Mwaka 1955, Michael Buonocore, daktari wa meno wa Rochester huko Marekani, alionyesha kwamba ukipaka asidi ya fosforiki juu ya enameli kisha ukaiosha, uso wa jino hubaki na vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Rezini ikipenya humo na kugandia, haitoki kirahisi. Mwaka 1962 Rafael Bowen, Mmarekani mwingine, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya rezini iitwayo Bis-GMA, na hadi leo imo katika kompoziti nyingi zinazouzwa. Kabla ya hapo, ili dawa ikae ilibidi jino lichongwe shimo la kuikamata, hata kama halijaoza.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kwanza kabisa rangi huchaguliwa, tena mwanzoni, jino likiwa bado na mate. Jino likikaushwa huonekana jeupe kuliko lilivyo. Daktari akichagua rangi wakati huo, kesho yake utaona kipande kimetoka cheupe kuliko jino. Kisha meno yanasafishwa na kutengwa na mate, vizuri zaidi kwa shuka jembamba la mpira linaloacha meno tu yametokeza. Inapakwa asidi ya asilimia 35 hadi 37 kwa sekunde 15 hadi 30, inaoshwa, jino linakaushwa. Inafuata gundi, na taa. Halafu kompoziti tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi kama milimita 2, maana taa haifiki mbali zaidi ya hapo kwa kompoziti nyingi, na dawa isiyoganda chini ndiyo inayokuja kung'oka au kubadilika rangi. Mwisho ni kuchonga umbo na kung'arisha.

Hapo kwenye kung'arisha nakaa kidogo. Ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa kuwa mgonjwa amechoka, daktari ana foleni, na jino tayari linapendeza kwenye kioo. Kompoziti isiyong'arishwa vizuri ina mikwaruzo, na chai yote ya mwezi mzima itaingia humo. Usiinuke kwenye kiti kabla hujapitisha ulimi. Ukiona panakwaruza, sema.

Ulizeni. Sitataja kliniki yoyote wala sitapokea wagonjwa kupitia uzi huu, hivyo msiniombe namba.

Kiboko ya Njia

Mkuu shukrani kwa bandiko. Mimi nina mawili tu: inauma? Na inadumu muda gani? Nimesikia mwaka mmoja, nimesikia pia maisha yote.

Daktari wa Themi

Kama ni kona iliyomeguka kidogo au mwanya, mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa sababu enameli haina mshipa wa fahamu. Kama jino limevunjika hadi sehemu ya njano ya ndani, yaani dentini, utasikia ubaridi ukipulizwa hewa, na hapo ganzi ina maana.

Kudumu: kwa meno ya mbele mwambie mtu miaka 5 hadi 10, akiitunza na kama ilifanywa vizuri. Anayekuahidi maisha yote, muulize amefanya kazi hii kwa miaka mingapi. Uzuri wake ni kwamba ikimeguka inaongezewa palepale. Hubomoi yote.

Bei hutajwa kwa jino moja, sio kwa kinywa kizima, na inapishana sana kati ya hospitali ya umma na kliniki binafsi. Uliza mapema kama kung'arisha na marudio ya kukagua vimo ndani ya hiyo bei. Bima nyingi hazilipii urembo, ila jino lililovunjika kwa ajali ni hoja tofauti, ulizia bima yako.

Binti Ngaramtoni

Shikamoo daktari. Nimesoma kimya nikaona niandike. Mimi nimezaliwa na kukulia upande wa Maji ya Chai. Meno yangu ni ya kahawia, mawili ya mbele juu yana na vishimo. Nina miaka 24. Nilipofika chuo Dar ndipo nikajifunza kucheka nimefunika mdomo, maana nyumbani wote tuko hivi, hakuna aliyekuwa ananishangaa. Nilienda mahali nikaambiwa dawa pekee ni kusaga meno nane na kuvika kofia. Sina hiyo hela, na nikiwa nayo naogopa. Je, bondingi inafaa kwa meno ya aina yangu au nijikubali tu?

Daktari wa Themi

Marahaba mdogo wangu. Asante kwa kuandika, swali lako ndilo nililolitamani zaidi katika uzi huu, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Kwanza, kwa wasomaji wasiotoka huku. Maji ya maeneo mengi ya Arumeru, ikiwemo Maji ya Chai, na ya sehemu nyingine za Bonde la Ufa, yana madini ya floraidi kupita kiasi kutokana na miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kuna visima na mito huku inayozidi hapo mara kadhaa. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya taya, tangu anapozaliwa hadi kama miaka 8, enameli haikomai sawasawa. Jino linaota likiwa na mistari ya chaki, au madoa ya kahawia, au vishimo. Huo sio uchafu na hausababishwi na kutopiga mswaki. Ukihamia Arusha ukiwa na miaka 30 meno yako hayatageuka, na ukihama Arusha ukiwa na miaka 20 hayatarudi kuwa meupe yenyewe. Kwa hiyo anayekucheka anakucheka kwa sababu ya maji uliyonyweshwa ukiwa mtoto.

Sasa tiba. Inaanzia kwenye hatua ndogo, na kila hatua mnasimama na kuangalia kama imetosha. Ya kwanza ni kusugua uso wa jino kwa mchanganyiko wa asidi hafifu na unga wa jiwe laini. Hii inaondoa sehemu ndogo sana ya juu, na mara nyingi kahawia nyingi inatoka nayo, maana rangi hiyo inakaa karibu na uso. Inafanywa na daktari akiwa amezikinga fizi zako. Narudia, na daktari. Kuna watu wanajisugua kwa mchanga, kwa mkaa, kwa limau, wengine wanakwangua kwa wembe. Wanamaliza enameli na madoa yanabaki.

Ya pili, kung'arisha weupe kwa dawa ya peroksaidi, ili jino zima lisogee karibu na madoa meupe, tofauti ipungue. Ukifanya hii, bondingi isubiri kama wiki mbili. Oksijeni inayobaki ndani ya jino baada ya dawa hiyo inazuia gundi kuganda vizuri.

Ya tatu ndiyo bondingi, na kwako, mwenye vishimo, ina nafasi kubwa. Vishimo vinajazwa, uso unafunikwa. Ila jino lenye floraidi nyingi lina tabia yake: tabaka la juu kabisa ni gumu na linakataa asidi, huku chini yake pana vinyweleo na udhaifu. Daktari asipolijua hili atapaka asidi kwa muda wa kawaida, gundi haitashika, na baada ya miezi kipande kitang'oka. Inabidi uso ukwaruzwe kidogo na asidi ikae muda mrefu zaidi. Kingine ni kufunika rangi. Kahawia nzito inahitaji kwanza tabaka la kompoziti lisilopitisha mwanga, kisha juu yake lile linalofanana na enameli. Likiwa jembamba mno kahawia inachungulia, likiwa nene mno jino linatokeza mbele na mdomo unajaa. Ni kazi ya subira. Muulize daktari wako waziwazi: umewahi kufanya meno ya floraidi? Naomba unionyeshe picha za kazi yako. Si utovu wa adabu kuuliza hivyo.

Na kwako nisingeanza na meno nane. Ningeanza na yale mawili yenye vishimo, ukae nayo miezi michache, uone.

Chepkoech wa Nakuru

Daktari, huku kwetu Nakuru na Naivasha shida ni hiyo hiyo. Ningependa kuongezea upande wa maji kwa sababu kuna akina mama wanaosoma hapa wana watoto wadogo. Tafadhali msifikiri kuchemsha kunaondoa floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki, kwa hiyo inazidi kuwa kali. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa miaka mingi, na vinafanya kazi. Shida ni watu kusahau kubadilisha ule mkaa ukishachoka.

Daktari wa Themi

Ahsante sana dada Chepkoech. Kwa upande wetu kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo hiyo ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Maji ya mvua yanayovunwa kutoka paa safi nayo hayana shida hii, na kwa mtoto mchanga ndiyo ningeyapa kipaumbele.

Niongeze la magadi. Huku watu wanapikia maharage na kande magadi ili viive haraka. Baadhi ya magadi yana floraidi nyingi, na ndiyo maana unakuta madoa hata kwa watoto wa vijiji ambavyo maji yake si mabaya sana. Chakula cha mtoto kisitiwe magadi.

Fundi Umeme

Mimi nipinge kidogo mkuu. Nilifanyiwa hiyo bondingi kwenye kliniki moja (siitaji) kwenye meno mawili ya mbele juu. Moja lilimeguka ndani ya miezi mitatu, likarekebishwa, likameguka tena. La pili limezungukwa na mstari wa kahawia pembeni kama mpaka. Na ufizi wa juu yake unatoka damu nikipiga mswaki. Pesa nimelipa, sasa nimwamini nani?

Daktari wa Themi

Pole ndugu. Umeeleza vizuri na una haki ya kulalamika. Yote matatu uliyoyataja yana sababu zake.

Kumeguka mara mbili sehemu ile ile mara nyingi ni jinsi meno yanavyokutana. Ukiuma, meno ya chini yanagonga wapi? Kama ya juu na ya chini yanakutana ncha kwa ncha, kipande kilichoongezwa kinapokea mshindo wote. Daktari alitakiwa kukupa karatasi ya rangi uing'ate na kupunguza pale panapogonga, ukiuma wima na ukisogeza taya mbele na pembeni. Jiulize pia kama unasaga meno usiku. Mwenzako chumbani atakuwa anajua. Ukiamka taya zimechoka au kichwa kinauma pembeni, ni dalili. Anayesaga meno anahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, la sivyo hata kofia ya kauri itavunjika. Na kwa jina lako nakisia kazi yako: unamenya nyaya kwa meno? Kama ndiyo, acha leo.

Mstari wa kahawia unaonyesha kwamba ukingo wa kompoziti haukushikana na jino. Yawezekana mate au damu viliingia kabla gundi haijakauka, au dawa ilipita mpaka wa asidi. Ukiwa wa juu juu hung'arishwa ukatoka. Ukiwa umeingia ndani, kipande kitolewe kirudiwe, maana bakteria wanaingia humo na jino linaweza kuoza chini yake.

Ufizi kutoka damu ndilo la kushughulikia kwanza. Kuna ngazi ya kompoziti imeachwa ukingoni, uchafu unakaa, mswaki haufiki. Pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya meno hayo: ukinasa au ukichanika, ngazi ipo. Rudi pale pale ulipotengenezwa kwanza, uwaonyeshe, kwa utulivu. Wakikukatalia, tafuta mwingine, na mwambie unataka iondolewe ngazi na kipimo cha kung'ata kifanyike kabla ya kuongeza kitu chochote.

Mwana Tudor

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nauliza la mwanya. Bintiangu ana mwanya mzuri, bibi yake mzaa baba alikuwa nao, na kwetu mwanya ni uzuri wa mtu. Sasa kamaliza kidato cha nne ataka uzibwe, asema wenzake wamcheka. Mimi sitaki. Ataka nilipe. Nyinyi madaktari mwaziba tu mkiambiwa?

Daktari wa Themi

Wa alaykum salaam mama. Mimi sizibi tu nikiambiwa. Mwanya sio ugonjwa. Kama meno na fizi ni salama, hakuna sababu ya kiafya ya kuuziba, na nikiwa mbele ya binti nitamwambia hivyo hivyo. Nikiangalia ninachoangalia ni kama mwanya umekuwepo tangu utotoni au umeanza kupanuka karibuni. Unaopanuka kwa mtu mzima huwa ni ishara ya ugonjwa wa fizi, na huo unatibiwa kwanza.

Kama mwisho wake mtaamua kuuziba, bondingi inafaa kwa mwanya mdogo, milimita moja hadi mbili, kwa kuongeza nusu upande huu na nusu upande ule. Ukiwa mkubwa zaidi, meno mawili yanageuka mapana kama majembe, na hapo waya wa kusogeza meno ni bora. Nyama inayoshuka kutoka mdomo wa juu hadi katikati ya mwanya nayo iangaliwe. Na kuna faraja moja kwenu wote wawili: kwa mwanya daktari hahitaji kukata jino lake hata kidogo, kwa hiyo binti akija kuutaka tena atakapokuwa mama mwenyewe, kompoziti inatolewa na mwanya wa bibi yake unarudi. Akisagwa kwa ajili ya kofia hilo haliwezekani.

Mwana Tudor

Hilo la mwisho umenigusa. Nitamsomea jioni tukae tuzungumze.

Mama Nuru

Daktari naomba jibu haraka!! Mwanangu wa miaka 9 ameanguka na baiskeli sasa hivi, jino la mbele la juu limevunjika nusu. Kipande ninacho mkononi. Damu inatoka mdomoni. Nipo Morogoro.

Daktari wa Themi

Mama, tulia na fanya haya. Kipande kitie ndani ya kikombe chenye maziwa, au maji safi kama maziwa hayapo, kisikauke. Kinaweza kugandishwa tena kwenye jino kwa bondingi, na hakuna kompoziti inayofanana na jino lake mwenyewe. Mgandamize mdomo kwa kitambaa safi. Angalia ndani ya mdomo, hasa wa chini, kama kuna kipande kingine kimezama kwenye nyama.

Angalia pale palipovunjika. Ukiona rangi nyeupe na njano tu, mpeleke leo. Ukiona tone jekundu au la waridi katikati ya jino, kiini, yaani sehemu ya ndani yenye damu na mshipa wa fahamu, kimefunguka: mpeleke sasa hivi, hospitali ya mkoa ina idara ya meno. Kwa umri wake mzizi haujamaliza kukua, na kiini kikifunikwa mapema kinaweza kuishi.

Kama alipoteza fahamu, anatapika au anasinzia isivyo kawaida, kichwa kwanza, meno baadaye.

Kiboko ya Njia

Na jino likitoka lote zima na mzizi mkuu? Nauliza kwa faida ya wengine, sisi wa bodaboda tunayaona haya kila siku.

Daktari wa Themi

Swali zuri sana. Kama ni jino la ukubwani: lishike kwa upande unaoonekana mdomoni, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga lisuuze kwa maji kidogo, bila kusugua. Lirudishe kwenye shimo lake palepale na mtu aume kitambaa. Ukishindwa, tia kwenye maziwa na ukimbilie kwa daktari. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi. Likifungwa kwenye karatasi kavu, nafasi inapotea. Jino la utoto halirudishwi, maana unaweza kuumiza la ukubwani lililo juu yake.

Nassor Bremen

Habari zenu kutoka Ujerumani. Huku watu wengi tunaenda Uturuki kwa meno, nauli na kazi yote vinakuwa nafuu kuliko hapa. Rafiki yangu karudi na meno ishirini meupe. Nami nimeshaanza kuweka akiba. Tatizo langu ni meno mawili ya pembeni kuwa madogo, kama vigingi. Daktari unasemaje?

Daktari wa Themi

Ndugu Nassor, meno ya pembeni madogo kama vigingi ndiyo kazi ambayo bondingi inaipendezesha kuliko karibu zote. Jino ni dogo, kwa hiyo unaongeza tu, hukati. Meno mawili, kikao kimoja, basi.

Uturuki wapo madaktari hodari, siwezi kuwasema vibaya kwa jumla. Ila ujue unanunua nini. Vinia, yale maganda ya kauri yanayobandikwa mbele ya jino, kwa kawaida hupunguza sehemu ya milimita moja. Kofia hukata jino pande zote, milimita moja na zaidi, na zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana ya jino huondoka. Matangazo mengi husema vinia huku kinachofanyika ni kofia. Jino likikatwa hivyo kiini kinaweza kufa miaka ya baadaye, ukahitaji tiba ya mzizi, na kofia nazo hubadilishwa. Ukiwa na miaka 28 leo, piga hesabu mwenyewe ni mara ngapi. Na maumivu yatakapoanza Bremen, aliyekukata yuko mbali.

Tafadhali, kwa meno mawili madogo usikubali mtu aguse ishirini.

Mama Nuru

Nimerudi kuwashukuru. Kiini hakikufunguka. Wamemgandishia kipande chake mwenyewe jana, ukitazama kwa mbali hujui. Mungu awabariki. Daktari wa hapa alishangaa nimekuja na maziwa.

Daktari wa Themi

Alhamdulillah, nimefurahi kweli mama. Sasa usiache marudio: arudi baada ya wiki 6 hadi 8, kisha baada ya mwaka, apigwe picha ya mzizi. Jino lililogongwa linaweza kufa polepole bila maumivu. Ukiona linageuka kijivu, au kipele kwenye ufizi juu yake, msisubiri tarehe. Kwa sasa asing'ate kwa jino hilo muwa, mahindi ya kuchoma wala kalamu. Muwa aukate kwa kisu.

Sista wa Zamu

Mimi ni muuguzi, naomba kuongezea jambo ambalo wengi hawalihusishi na meno ya ukubwani. Bado kuna wazazi wanaopeleka vichanga kwa waganga kung'olewa "meno ya plastiki" mtoto akiharisha au kuwa na homa. Kinachokwanguliwa ni vijino vya utoto ambavyo havijaota. Nimeona watoto wakikua, meno ya ukubwani ya karibu na pale yanaota yamepinda, yana mashimo, au hayaoti kabisa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvi na sukari ya dukani na hospitali.

Daktari wa Themi

Umenena Sista. Nawapokea vijana hao. Jino la chonge limeota na enameli nusu, na wao hawajui kilichotokea maana walikuwa na miezi kadhaa tu. Bondingi inasaidia kuyarudishia umbo kama yameota. Yasiyoota hayana dawa hiyo.

Binti Ngaramtoni

Daktari, nimepata mtu wa kunifanyia, nimeona na picha za kazi zake. Nimebakiza maswali matatu. Nitajuaje amesajiliwa kweli? Ninywe nini nisinywe nini baadaye? Na dawa ya meno ya kuweka weupe itasaidia kompoziti isichafuke?

Daktari wa Themi

Kwa Tanzania Bara daktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na leseni yake hai inatakiwa iwepo kazini. Omba kuiona. Kenya ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na orodha yao inatafutika mtandaoni. Fundi sanifu wa maabara ya meno ana utaalamu wake wa kutengeneza meno ya bandia, ila kukuhudumia mdomoni sio kazi yake, hata kama ana kiti na taa nzuri saluni.

Siku mbili za kwanza epuka chai ya rangi, kahawa, bizari na mvinyo mwekundu. Baada ya hapo kunywa chai yako, suuza kwa maji. Sigara, tambuu na miraa ndivyo vinavyoharibu rangi haraka kuliko vyote, na havina namna ya kuvizoea. Usifungue soda kwa meno, usikate uzi kwa meno.

Dawa za meno za kuweka weupe nyingi zina chembe za kukwaruza, na dawa ya peroksaidi haibadilishi rangi ya kompoziti hata kidogo. Ndiyo maana weupe unafanywa kabla, kompoziti inafuata rangi mpya. Wewe tumia dawa ya meno ya kawaida yenye floraidi, usishtuke: kwa mtu mzima ambaye meno yameshaota haileti madoa, inazuia kuoza. Mswaki laini. Na urudi kung'arishiwa baada ya miezi sita, hata kama huoni tatizo.

Ukishamaliza yale mawili, rudi hapa utuambie kama umeamua kuendelea na mengine.